No na Not, Ndugu wa Tumbo Moja

Ni Agnetha aliyeniambia, leo mchana, nyuma ya kamba za kuanikia, vibanio bado viko mdomoni mwake, kwamba ile yes yangu ya asubuhi ilikuwa kukiri, umekiri mayu, umekiri mama, umemwambia bosi umeiona pete yake, na mimi nikacheka kwanza kwa sababu Agnetha hunitania kila siku, halafu akavitoa vibanio kimoja kimoja akavitia mfukoni na uso wake haukuwa wa utani, na sasa nimekaa kwenye benchi hili nje ya ofisi... mlango umefungwa, bosi yuko ndani anaongea na simu, sauti yake inapanda na kushuka na mimi nadaka neno mojamoja kama mtu anayeokota mchele uliomwagika, was, nimeisikia was, was ni wasiwasi, wasiwasi wa jana, jambo lililokwisha kupita, hivyo ndivyo alivyonifundisha Agnetha tulipokuwa tunafua, kila neno lao analifunga kwenye neno letu kama mbuzi kwenye kigingi ili lisitoroke usiku, she ina s, na s ni ya sidiria, kwa hiyo huyo ni mwanamke, he haina sidiria basi ni mwanamume, tulicheka mpaka sabuni ikatuingia puani, has ni hasira, na hasira ni ya mtu mmoja anayesemwa hayupo, he has, she has, mimi na wewe hatuna hasira sisi tuna have... naona nimeyashika yote haya, yote, na siku ya kuulizwa nimeangushwa na neno ambalo hata mtoto analijua, yes.

Pete. Aliingia mwenyewe chumba cha kufulia cha kambi hii ya mgodi, Bosi Henki, hajawahi kuingia, mashine zinazunguka, nikazima moja ili nimsikie, akasema ring, akapigapiga mfuko wa suruali yake, na kwetu ringi ni ya baiskeli, nikawaza ringi ya baiskeli itaingiaje mfukoni mwa suruali ya mtu, mpaka akashika kidole chake kilichokuwa kitupu, kina alama nyeupe mahali pete ilipokuwa inakaa, ndipo nikaelewa, na wakati naielewa pete yeye ameshafika mwisho wa swali, you didn't see it, hukuiona, hilo nililielewa lote, didn't ni jana na ni si, see ni kuona, hukuiona, nami sikuiona, kwa hiyo nikasema yes, boss, ndiyo sikuiona, mtu mwenye adabu angesema nini kingine, akanitazama, yes, akauliza, nikasema tena, yes, boss, na nikatabasamu, Mungu wangu, nilitabasamu, kidogo tu, kama unavyomtabasamia mkubwa ili ajue huna neno naye, na lile tabasamu ndilo linaloniunguza sasa kuliko neno lenyewe, kwa sababu mwizi anayetabasamu... akasema, after work, my office, nikimaliza kazi nifike ofisini kwake, akatoka, nami nikawasha mashine yangu nikaendelea kukunja mashuka nikiwa na amani moyoni kabisa, amani ya mjinga, nikadhani labda ananiita anishukuru.

Hapa Segese dhahabu ikipotea hakuna anayeuliza imepotelea wapi, wanauliza imeuzwa kwa nani, wanunuzi wako kila kona, kila mmoja na kimizani chake kwenye begi, mpaka jioni pete inakuwa imeshayeyushwa iko njiani kwenda Geita na wala haina tena sura ya pete, nani ataniamini, yule dada wa jikoni walimpandisha gari la polisi kwa ajili ya kopo la maziwa ya unga, kopo tu, alikuwa amevaa kandambili na kitambaa cha kichwa kilidondoka getini hakuna aliyemwokotea, mimi mwenyewe nilikuwa hapo na sikumwokotea, niliogopa, na sasa ni mimi, Asteria wangu yuko kwa Bhoke, jirani yangu, hajaacha kunyonya, maziwa yameanza kunijaa, yanauma, yatatokeza kwenye gauni nikiwa mbele ya yule mzungu, Amosi, mume wangu, yuko Kharumwa kwenye maduara yao ya kuchimba, huko chini simu haishiki, nikipelekwa polisi leo atajua lini, Bhoke atamlaza mtoto na nini... inuka basi useme kwa Kiswahili, sema mzee mimi Kiingereza kimenichanganya, lakini siwezi, kwa kazi hii wanataka mtu anayesikia Kiingereza, Agnetha ndiye aliyesimama mbele ya bosi huyuhuyu akanishika bega, this one knows, huyu anajua, nikisema leo sijui tunatoka wote wawili, yeye ana wadogo zake anawasomesha, na nikisema najua, basi nimekwisha kusema yes.

"Mama Asteria, mbona umekaa kama kuku wa kuuzwa?" Ni Mwita, mlinzi, amevuta kiti chake kivulini karibu na mlango, ana kipande cha muhogo wa kuchoma kwenye gazeti, nasema nipo tu kaka Mwita, anasema kitu kuhusu mvua, mvua ya huku haina akili, inanyesha kwa jirani inaruka kwako, namsikia nusu, kwa sababu huko ndani sauti imesema soo, nimeisikia, saw, wanaiandika kwa s na a na w lakini mdomoni ni soo, Agnetha alinifungia kwenye soo letu, fedheha, soo ni lile ulilokwisha kuliona, see ya sasa, saw ya jana, anasema nani ameona nini, ananisema mimi, anasema she, hiyo ni she, yenye sidiria, she saw... "Hujala, wewe?" anauliza Mwita. "Ndiyo," nasema. Naye anauvunja muhogo wake katikati ananipa nusu, ile kubwa, bado una moto. Nimeushika tu. Tazama, Mwita ni Mkurya wa Tarime, mimi Msukuma, Kiswahili si cha mama zetu sote wawili, lakini ameuliza hujala nikasema ndiyo naye akajua sijala, hakuniuliza mara ya pili, hakunitolea macho, muhogo huu hapa mkononi mwangu unanichoma, kumbe sikukosea, nilijibu sawasawa, nilijibu kwa lugha ya watu wa muhogo kwenye mlango wa watu wa pete.

"Kula, unauangalia utaota?" anasema Mwita. Nauma kidogo. Agnetha alisema sikiliza, mayu, tazama mdomo wangu, no na not, unaona, zote zinaanza na herufi zilezile, n na o, hao ni ndugu wa tumbo moja, no akiitwa not anaitika, usiwatenganishe, yes hana undugu na not, ukiwaweka nyumba moja wanapigana na anayeumia ni wewe, kwa hiyo kama hukuiona kuna si ndani yake, kama kuna si kuna not, kama kuna not basi mwanzo ni no, hata akuulize kwa upande upi, hata swali lake liwe limekuja chali au kifudifudi, wewe no, I did not see, halafu akaninyooshea kidole, na si did not saw, did amebeba jana yote kichwani kama ndoo ya maji, kwa hiyo kitendo kinachomfuata kinatembea mikono mitupu, did see, ukisema soo umeleta soo... No, I did not see the ring, nausema polepole ndani ya meno, ring, si ling, ulimi wangu nikiogopa r yote inageuka l, tangu darasani watoto wa mjini walikuwa wananiita Mama Lula kwa sababu nilishindwa kusema rula, kuandika niliandika vizuri, imla nilikuwa sikosi hata neno, ni mdomo tu, mdomo unaona haya... No, I did not... na hapo ndipo panapokwama, wala si did, wala si see, ni hiyo no, haitoki, naisukuma inarudi. Nani amewahi kunisikia nikisema hapana. Mama alikuwa anasema msichana anayesema hapana kwa mkubwa anatukanisha nyumba, mwalimu alisimama juu yangu na fimbo, hukufanya zoezi, ndiyo mwalimu, nikachapwa kwa adabu zangu zote, mama mkwe, huendi kisimani leo, ndiyo mama siendi, hata kukataa kwangu hupitia kwenye ndiyo, na Amosi, siku anaondoka kwenda Kharumwa, mfuko wake begani, sururu imefungwa na kamba ya mpira, alinigeukia mlangoni akasema, hutalia, eh, Mama Asteria, nami nikasema ndiyo. Ndiyo, sitalia. Akapanda bodaboda akiwa na furaha, na alipopinda kona kwenye mikonge nililia mpaka mtoto akashtuka.

Ngoja... hebu ngoja. You won't cry, Amosi angesema hivyo kwa Kiingereza, won't hiyo ina not ndani, nami ningejibu yes, na yes ya kwao ingemwambia nini, ingemwambia nitalia. Nitalia, Amosi. Yes. Neno lilelile nililomdanganyia mume wangu kwa Kiswahili, kwa Kiingereza lingekuwa kweli tupu, angelisikia, labda asingepanda ile bodaboda, labda angepanda lakini akijua... Muhogo umepoa mkononi. Kwa hiyo yes yao haimwangalii mtu. Ndiyo yetu humjibu mtu, inamwambia umesema vyema, niko nawe, mimi ni mtoto wa adabu, lakini hiyo yao haina habari na aliyeuliza ni nani, iwe ni bosi au ni mama mkwe au ni mwenye fimbo, inatazama kitendo tu, kilikuwepo au hakikuwepo, kama kilikuwepo yes, kama hakikuwepo no, basi, hakuna kumkatalia mtu hapo, hakuna kumvunjia mtu heshima... maskini Agnetha alinifungia neno kwenye kigingi lakini kigingi chenyewe nakiona sasa hivi. Sitamtazama uso. Nitatazama mfuko, mfuko wa ile suruali ya kaki, nilitia mkono kama tunavyotia kwenye kila mfuko kabla ya maji, kulia, kushoto, nyuma, nikatoa karatasi ya pipi na kalamu, nikaviweka kwenye trei dirishani, mkono ukatoka mtupu, huo ndio nitakaoujibu, mkono uliotoka mtupu. No. Imetoka. Kwa sauti, imetoka, maana Mwita ameinua kichwa. "No nini?" anasema. "Sijasema na wewe, kaka." "Haya, naona umeanza kuongea na muhogo wangu kwa Kizungu, nao haujasoma." Nacheka, sijui kicheko kimetoka wapi, naogopa vilevile, gari la polisi lipo vilevile mahali linapokaa, mlango umefungwa, ndani anaongea na simu, sauti inapanda na kushuka... anamwita Mwita, Mwita anaingia, anatoka anafuta mikono kwenye suruali, anasema kwa sauti ya chini kama mtu wa msibani, "Kasema kesho, mayu, asubuhi kabla hujashika kazi. Leo nenda kanyonyeshe."

Asubuhi niliogea sabuni ya mtoto, nikamnyonyesha Asteria akiwa bado na usingizi, nikampeleka kwa Bhoke, nikatembea mpaka kambini nikihesabu ndugu wawili tu, no na not, no na not, kila hatua mmoja. Agnetha alikuwa amesimama kwenye kamba zake. Sikukaa kwenye benchi. Nilibisha, nikaingia, na bosi alipoinua macho kutoka mezani nilisema kabla ya swali, hata kabla ya salamu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia mtu mzima yeyote tangu nizaliwe, nikasema no, I did not see the ring, na r ilikaa mahali pake. Bosi alikishika kile kidole chake kitupu akawa anakisugua. Halafu akaegemea mbele, akauliza polepole, you are not lying to me, hunidanganyi, na ile ndiyo yangu nikaisikia inapanda, ya mama, ya mwalimu, ya mlangoni na Amosi, ikafika kooni, ikafika kwenye meno, nikautazama mkono wangu. No, nikasema. I am not.