Mti Uliofungwa kwenye Mtambo

Mtambo wetu wa kukamua mawese ulipinda parafujo yake kubwa ya katikati kwa mara ya tatu. Mama Yusta, kiongozi wa kikundi cha wanawake wa Ilagala, akapiga simu kusema Ijumaa anaurudisha. Karakana yetu ya Buzebazeba ilikuwa imeuza huo mmoja tu. Ukirudi, hakuna atakayeagiza mwingine, nami nitarudi nyumbani na cheti changu cha chuo.

Fundi Thobias, mwenye karakana, alikuwa ameunakili mtambo wa ng'ambo kipimo kwa kipimo. Hakuona kosa lake. Tatizo, alisema, ni akina mama kufunga mti mrefu kwenye mpini. Mara mbili ameufungua, mara mbili wameufunga tena. Jumanne akanituma nikabadilishe parafujo na kuutupa mti huo.

Nikafanya hivyo. Akina mama wakanishukuru, wakanielekeza kwenye maji nikanawe. Niliporudi, mti ulikuwa mahali pake, umekazwa kwa mpira wa baiskeli.

Nikauzunguka mtambo, nikaugusagusa ule mpira. Mama Yusta akacheka. "Mwanangu, chuoni ulisomea mitambo au ulisomea kunyamaza?"

Nikakaa juu ya debe, nikawatazama wakifanya kazi. Mpini ulimtosha mtu mmoja mwenye nguvu. Wao walisukuma wawili wawili, huku wakipiga soga, na bila mti, yule wa pili hakuwa na pa kushika. Lakini kwa kuwa wote walikuwa upande mmoja, parafujo ilivutwa huko huko mpaka ikapinda. Nikachora mpini wa pili, upande wa pili.

Kesho yake nilimwekea Fundi Thobias mchoro mezani. Akasema mtambo wa asili una mpini mmoja. Nikausogeza mchoro karibu naye.

"Fundi, aliyeuchora hakuwajua akina mama wa Ilagala. Sisi tunawajua."

Akaendelea kupiga tupa chuma chake. Kisha akauliza mpini huo uwe na urefu gani.

Alhamisi tulikwenda wote wawili, tukaufunga mpini wa pili. Mama Yusta na mwenzake wakashika kila mmoja upande wake, wakazunguka, mafuta yakashuka mekundu. Parafujo ilisimama wima. Mti ulikuwa umeegemezwa ukutani.

"Mtambo utabaki hapa," Mama Yusta alisema. "Ila ndoo yangu haiingii chini ya bomba."

Nilifungua daftari. Fundi Thobias alikuwa ameshapiga magoti, anaipima ndoo kwa futi.