Piano ya Pili

"Moja, mbili, goti!" Mwalimu wa baleti alipiga makofi, na Boróka Szendrei akarudia wimbo uleule kwa mara ya tisa, watoto kumi na wanne wakiyumba mbele ya kioo. Piano ya shule ilikuwa na kibao kimoja kilichokufa. Huu ulikuwa mwaka wa tatu anakiruka.

Kipindi kilipoisha simu ikaita. Alikuwa Vadkerti, mkurugenzi wa ukumbi wa mji.

"Binti, ile tarehe yako ya tamasha la Mei nimempa Lőrinc Halmos. Karudi kutoka Vienna. Okestra itafika siku yenyewe, kwa hiyo leo saa sita njoo kwenye mazoezi umpigie sehemu ya okestra kwenye piano ya pili. Wewe unaijua."

"Niliomba tangu Septemba! Barua yangu mliipiga muhuri."

"Muhuri unasema imepokelewa. Hausemi imekubaliwa."

Alikwenda. Njiani alinunua kijimkate kimoja cha pogácsa badala ya viwili, maana bei ilikuwa imepanda tena, akakitafuna huku akitembea. Mlangoni mwa ukumbi bango lilikuwa limeshabandikwa: uso wa Lőrinc, mkubwa kama dirisha, na pembe za karatasi zimeanza kujikunja kwa mvua za wiki nzima.

Miaka kumi yeye na Lőrinc walisoma piano kwa mwalimu mmoja, wakipokezana kiti kimoja. Wote wawili waliitwa Vienna, kwenye chuo cha muziki. Wiki ileile mama yake Boróka akapooza. Lőrinc akapanda treni peke yake.

"Bori! Hujabadilika hata kidogo," Lőrinc alimwita kutoka jukwaani.

"Wewe umebadilika. Umenenepa."

Lőrinc akacheka, akaketi, wakaanza. Boróka alimsikiliza kama mtu anayechambua dengu, akitafuta changarawe. Hakuipata. Jamaa alipiga vizuri, tena vizuri mno. Laiti angepiga vibaya, angemdharau yakaisha.

Katika sehemu ya tatu mikono ya Lőrinc ikasimama hewani. Kasahau. Boróka akadaka sehemu ya mwenzake kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiendelea na okestra, mpaka Lőrinc akarudi njiani.

"Hapo piano ya pili imevuruga!" Vadkerti alipaza sauti kutoka vitini.

Boróka akamgeukia Lőrinc. "Mwambie umesahau."

"Bori, nakuomba," alinong'ona, akifuta vidole kwa leso. "Ni mara ya nne mwezi huu. Vienna hawaniiti tena."

Furaha ikampanda Boróka kifuani, moto kama pombe kali ya pálinka, wala hakuona haya. Akasimama.

"Bwana mkurugenzi, nirudishie tarehe yangu. Nitaipiga yote bila kusimama."

"Najua utaipiga," Vadkerti alisema kwa upole. "Lakini bajeti yetu inapitishwa na mjomba wa Lőrinc. Na mkataba wako wa shule unakwisha Juni, karatasi ya kuuongeza iko mezani kwangu, inasubiri saini yangu. Kaa, binti."

Boróka akavuta kiti karibu na piano. Kisha akakaa.

"Tuanzie wapi?"

"Palepale," Lőrinc akajibu, macho chini.

Safari hii, walipokaribia mahali pale, Boróka alimnong'oneza noti inayofuata. Lőrinc akapita salama, akamaliza kwa kishindo. Vadkerti akainuka akipiga makofi, macho yote kwa Lőrinc. Boróka naye akapiga. Mikono yake haikuwa na kazi nyingine.