Springi za Mama Wadogo

Kama kuna kitu ambacho wanawake wa ukoo ule hawakukitaja mbele ya mtu, ni kilo zao. Umri wangekutajia, tena kwa majivuno. Magonjwa wangekusimulia mpaka uage. Lakini uzito, hapana; huo ulikuwa wa kuzikwa nao. Fundi alilijua hilo tangu utoto, maana mmoja wao alikuwa mama yake mzazi na wengine watatu mama zake wadogo. Ndiyo maana kosa alilolifanya halina mtetezi.

Binti huyo alichomelea mageti na madirisha uani, nyuma ya nyumba aliyoishi na mama yake. Ujanani mama na wadogo zake walicheza mpira wa pete timu moja, wote nyuma, na mtaa ukawabandika jina la Ukuta. Mpira waliuacha, uwanja hawakuuacha. Kila Jumamosi alasiri walitembea wote wanne hadi mwisho wa mtaa, wakaketi kwenye benchi lao na kuwakosoa wasichana wanaofanya mazoezi. Kisha magoti ya mama yakagoma. Wadogo wakawa wanapita getini, wanamwamkia, wanaendelea watatu. Mama hubaki barazani akisema yuko sawa tu. Hakuwa sawa. Aliinamisha kichwa kusikiliza kelele za mbali za uwanjani, na Fundi akimwona roho ilimuuma.

Basi uwanja mmoja wa gofu ulipofunga milango na kunadi vitu vyake, Fundi akarudi nyumbani na kigari chakavu cha umeme, kile cha kuzungushia wacheza gofu. Kilikuwa na viti viwili tu. Mama alikizunguka, akakipiga honi, akacheka. Halafu akauliza, "Na wadogo zangu watakaa wapi?"

"Watatembea kando, mama. Tutakwenda polepole."

"Nibebwe kama kifurushi huku wenzangu wanakula vumbi? Siendi."

Fundi akachomelea kiti kirefu nyuma, kinachotazama kule kigari kinakotoka. Kiti hakikumtoa jasho. Kazi ilikuwa kwenye springi za nyuma, vile vipande vya chuma vilivyopinda na kupangwa kimoja juu ya kingine, ambavyo ndivyo hubeba mzigo. Za kigari kile ziliundwa kubeba mikoba ya fimbo za gofu, si Ukuta. Ilibidi aongeze vipande, na hakuweza kujua aongeze vingapi bila kujua uzito. Akauliza. Tena akauliza wote wakiwa wameketi meza moja!

"Mimi hamsini na tano," alisema mmoja wa mama wadogo, mshonaji, bila kupepesa macho. "Upepo ukivuma najishikilia."

Wa pili, mwalimu mstaafu, akataja kilo za siku ya harusi yake. Kitinda mimba wao, aliyezijaza fremu za milango yote ya nyumba ile, akashusha pumzi na kusema, "Weka hamsini, mwanangu, nisikutie hasara."

Macho Fundi alikuwa nayo. Lakini nani atambishia mama yake mdogo? Akapiga hesabu kwa namba za uongo, akaongeza kipande kimoja kila upande, akakaza bolti, akaridhika.

Jumamosi ile mtaa mzima ulitoka kutazama. Mama mbele kando ya Fundi, kilemba kipya kichwani. Ukuta uliobaki nyuma, ukipunga mikono kama wageni wa serikali. Hawakufika mbali. Nyuma kulididimia, matairi yakaanza kusugua madigadi yaliyo juu yake, harufu ya mpira ulioungua ikapanda. Penye tuta la duka la dawa magurudumu ya mbele yakawa mepesi, Fundi akikata usukani kigari hakimsikii. Kikasimama hapo, kimekaa kitako kama kuku anayetaga.

Wale watatu wakashuka wasukume, na mama akabaki juu peke yake huku wadogo zake wakihema kando yake. Kile alichokikataa ndicho kilichompata, tena mbele ya watu. Alishuka, akarudi nyumbani kwa miguu, akishika kuta za watu.

"Kiuze," alimwambia Fundi jioni. "Sitapanda tena."

Fundi aliona haya, na aliwakasirikia mama zake wadogo kuliko alivyothubutu kuonyesha.

Siku iliyofuata mshonaji alikuja karakanani, akitazama nyuma kama mwizi. Alijifanya kukagua geti, kisha akamsogelea Fundi sikioni na kumnong'oneza namba. Namba ya kweli. "Ukimwambia mtu," alisema, "mimi na wewe basi."

Alikuwa hajafika kona mwalimu akaingia, naye kwa mlango wa nyuma. "Uzito ni kama mshahara," alianza, "hautangazwi." Kisha akautangaza, kwa sauti ya mtu anayekiri kuvunja sahani.

Kitinda mimba alikuja wa mwisho, na yeye hakunong'ona. Alijitupa kwenye kigoda akalia. "Nimemwaibisha dada yangu kwa ajili ya kilo," alisema. "Yule dada alinibeba mgongoni mimi. Wala hakuniuliza uzito." Akaisema namba yake, na Fundi akajizuia asiruke.

Mficha uchi hazai, na mficha kilo hafiki uwanjani. Fundi alifungua zile springi zote, akaweka za pikapu kuukuu alizozikata kwa kipimo. Shokomzoba nazo, zile za kupunguza mtikisiko, akazibadilisha kwa nene zaidi. Akapakia magunia ya mchanga yenye uzito wa namba zile tatu. Nafasi juu ya matairi ikabaki ya kupitisha mkono. Akayashusha magunia, ndipo akamwendea mama.

"Tuzunguke mtaa tu, mimi na wewe. Mtu hatatuona."

Mama alikubali kwa shingo upande. Kwenye shimo la kwanza kigari kiliruka, na mama naye. Kwenye la pili kilemba kikamwangukia machoni.

"Umeninunulia punda?" alifoka.

"Mama, springi hizi nimezifunga kwa ajili ya watu wanne. Nyuma pakiwa patupu, ni ngumu hivi. Wakikaa wote, zinalainika."

"Wote?"

"Wote watatu. Akikosekana mmoja, utamjua."

Mama alirekebisha kilemba. "Umejuaje uzito wao?"

"Niliapa kutosema, mama."

Mama akaangua kicheko ambacho Fundi hakuwa amekisikia tangu magoti yale yagome.

Jumamosi iliyofuata kigari kililipita tuta la duka la dawa taratibu, bila mruko, bila harufu. Uwanjani wakaketi wanne kwenye benchi lao, na msichana wa kwanza kukosa goli akapewa maneno ya kumtosha.

Wiki kadhaa baadaye kitinda mimba alifika getini na viatu vya mazoezi. "Leo nyie tangulieni," alisema. "Nimeanza kupunguza mwili. Nitatembea."

"Utatembea nini? Panda!" mama alimfokea kutoka kitini. "Unataka kunivunja mgongo?"

Akapanda. Huko nyuma wakaanza kugombania nafasi, kila mmoja akidai mwenzake ndiye mnene.

Fundi alimwinamia mama yake. "Naweza kuchomoa kipande kimoja cha springi kila upande. Nimejaribu, kigari kitabeba vilevile, na hata tukiwa wawili hakitaruka. Ni kazi ya asubuhi moja."

Mama aligeuka kuwatazama wadogo zake, wamebanana huku wamempa mgongo, wanabishana. Akamrudishia Fundi macho.

"Ukigusa hata bolti moja," alisema kwa sauti ya chini, "tutakosana. Haya, twende, mazoezi yameanza."