Kochi la Wageni

Chumba chetu cha kupumzikia kina kochi jipya, jokofu dogo, pazia la maua na kufuli. Kufuli ndilo linalofanya kazi kuliko vyote.

Kilizinduliwa kwa kukata utepe. Wakubwa walikuja, wakapiga picha wamekalia kochi, wakasema wauguzi tunachoka mno na sasa tutapumua. Walipoondoka, Matroni akafunga mlango na ufunguo ukaingia mfukoni mwake. Tulipouliza, alisema kochi bado lina nailoni yake, wageni wengine watakuja kulikagua, na sisi na magauni yetu yenye madoa ya dawa tutaliharibu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hao wahenga hawakuwa na Matroni.

Mwenzangu wa zamu tulimwita Mchakamchaka kwa ajili ya mwendo wake. Wagonjwa walimjua kwa viatu kabla hawajamwona. Siku za karibuni alikuwa akiviburuta. Mchana mmoja alivuta dawa ya mgonjwa wa dirishani, akaenda nayo kwa mgonjwa wa mlangoni. Nilimdaka mkono sindano ikiwa imekaribia kugusa ngozi. Tulitetemeka wote wawili, na mgonjwa akatuuliza kama tumekula.

Nikamsindikiza kwa Matroni. Hakuomba likizo wala nyongeza. Aliomba nusu saa tu kwenye lile kochi, baada ya chakula cha mchana, la sivyo ataua mtu. Matroni akamshauri avute pumzi ndefu, kama karatasi ya pale mlangoni inavyoelekeza. Karatasi yenyewe imeandikwa "Mhudumu, Jitunze", na imebandikwa juu ya kufuli. Mtu mzima na akili zake alisimama hapo akaona panafaa.

Mchakamchaka alivuta pumzi ndefu, kisha akaandika barua ya kuacha kazi.

Hapo ndipo huruma ilipomwingia Matroni. Alisema hatuwezi kumwacha aondoke hivihivi. Akaagiza keki na soda, akafungua chumba, akalivua kochi nailoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Leo wewe ndiye mgeni wetu, mwanangu," alimwambia. "Kaa."

Akakaa. Matroni akaanza kutusomea hotuba ya uchapakazi na moyo wa kujitolea, na hakufika mbali, kwa sababu mgeni wake alikuwa ameshaegemea mkono wa kochi, mdomo wazi, anakoroma.

Matroni akanyoosha mkono amwamshe akate keki. Nilimdaka mkono na yeye.

"Mwache, Mama," nilisema. "Hiyo ndiyo nusu saa aliyokuomba."

Akaurudisha mkono. Tulitoka na keki yetu, tukaila wima kwenye korido. Kengele ya wodi ikalia, na kwenye zamu hapakuwa na wa kwenda ila mimi. Nilikwenda. Katikati ya korido nikasikia viatu vyangu, na nilikuwa nikiviburuta.