Meno Yaliyokata Uzi

Kadidja alikuwa fundi cherehani mtaani Nyamugari, Gitega, na kwa miaka ishirini na minane alikata uzi kwa meno. Mkasi ulikuwepo, lakini mkasi unataka mkono, na mikono yake yote miwili ilikuwa na kazi siku zote. Meno ya mbele yakalika polepole, yakawa mafupi, na mwaka huu yakaanza kumwadhibu: maji ya baridi ganzi, chai ya moto ganzi, hata upepo wa asubuhi akifungua mdomo kumjibu mteja.

Hakwenda kwa muganga. Nani angeshona?

Mwezi wa tano mdogo wake Latifa, aliyeolewa Muyinga, alijifungua, naye Kadidja akasafiri kwenda kumwangalia mzazi. Siku ya nne Latifa alimwona akinywa chai iliyopoa kwa upande mmoja wa kinywa, akamsukuma aende kituo cha afya.

Muganga wa meno aliitwa Manase, kijana aliyekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka. Alimmulika mdomoni, akauliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

"Mi nashonaga."

"Na uzi unaukata kwa nini?"

Kadidja akaufunika mdomo kwa kiganja.

"Ngozi ngumu ya juu ya jino imelika, mama, na haioti tena. Nitakupaka dawa yenye floridi. Inaziba vitundu vinavyopitisha baridi, inakaza kilichobaki. Lakini ukiendelea kuuma uzi, tutakuwa tunatwanga maji."

Akayakausha meno kwa pamba, akapaka kwa kiburashi kitu cha manjano chenye kunata. Asile kigumu wala cha moto siku hiyo, asipige mswaki hadi kesho, arudi baada ya miezi mitatu.

Aliporudi Gitega alitumia mkasi wiki mbili nzima. Ganzi ikapungua, akanywa maji bila kukunja uso. Lakini kazi ilichelewa, nguo zikarundikana mpaka kwenye kiti cha wateja. Idi ilipokaribia, akajikuta uzi uko mdomoni.

Mwezi wa nane alirudi Muyinga. Manase akammulika.

"Umeuma tena."

"Bon, nimeuma." Alikuwa amechoka mno, hata uongo ulimshinda. "Si kila siku. Asubuhi nakumbukaga. Jioni mwili inasahau."

Manase hakumgombeza. "Na ganzi?"

"Iko kidogo. Jino moja tu ndiyo inanisumbua."

"Basi tunapaka tena." Alipomaliza, akasema, "Lakini mama, hata Gitega wanapaka. Mbona unasafiri mbali hivi?"

Kusema kweli, alilijua hilo tangu mwanzo. "Kule watu wote wananijua. Nikikaa kwa kiti, mtu atakuja kuniuliza kanzu yake iko wapi." Akaegemea. "Hapa mi nakaa tu, mdomo wazi, na hakuna mtu ananiomba kitu."

Manase alichungulia nje. Benchi la wagonjwa lilikuwa tupu.

"Kaa kidogo dawa ishike," akasema.

Kadidja akafumba macho. Dawa ile hushika mara tu ikikutana na mate, lakini Manase hakumwamsha mpaka mgonjwa mwingine alipobisha hodi.