Spika Nyembamba za Mubarak

Shitanda alitema mate nyuma ya rundo la miwa, akayatazama, akayafukia kwa ncha ya kiatu. Yalikuwa mekundu. Akafuta mdomo, akapandisha mabega, akarudi kwa wenzake akitembea kama mwenye uwanja.

"Ulipotelea wapi?" Joash akamwuliza. "Kumbe hata Radi huendanga msalani?"

"Radi huenda inapotaka. Wewe kaza nyuzi zako."

Wakacheka. Naye akacheka nao, na kicheko kikamchoma kooni kama mwiba wa samaki.

Joash ndiye aliyekuwa kiongozi wa bendi, mpiga gitaa la besi, mtu mpana ambaye hata akiomba maji utadhani anaamuru. Bendi yao ya Kabras iliitwa Ngurumo, na jina hilo halikutoka kwenye ngoma wala magitaa; lilitoka kooni mwa Shitanda, waliyemwita Radi. Tangu aanze kuimba hakuwahi kushika maikrofoni. Aliimba juu ya isukuti, ngoma zisizomhurumia mwimbaji, na watu wa Malava wakaapa kwamba sauti yake huvuka mto bila daraja. Hakuna mwalimu aliyemfundisha kutunga. Mashairi aliyatunga mwenyewe, usiku, akiyanong'oneza gizani ili asiamshe watoto, na asubuhi akayatoa kwa kishindo.

Lakini Malinya, uwanja wa kupiganisha mafahali, ilikuwa imewaaibisha. Mwenye fahali anapokodi waimbaji wamsifu mnyama wake kabla ya mapigano, hataki zile sifa zimfurahishe yeye. Anataka zifike ng'ambo ya uwanja, kule anakosimama mwenye fahali adui na ukoo wake, ziwaingie kama siafu. Mara ya mwisho Shitanda aliimba mpaka mishipa ya shingo ikataka kukatika, na ng'ambo ile adui alikuwa akitafuna njugu huku akiuliza bendi itaanza saa ngapi. Mwenye fahali alikuja mbele ya umati akamwambia Joash, "Jumamosi ijayo maneno yasipofika kule, msirudi tena Malinya." Siku hiyo ndipo damu ilipoanza.

Shitanda hakumwambia mtu. Angesemaje? Radi inaumwa koo?

Ndiyo sababu wote walikuwa hapa Musanda, katika ua wa Mubarak, mfanyabiashara wa Mumias aliyenunua vyombo vya muziki vya baa zilizofungwa na kuviuza tena. Akiba yao ilitosha seti moja. Mubarak alikuwa ametandika magunia na kupanga seti mbili juu yake. Ya kwanza ilikuwa na maboksi mawili ya spika, makubwa kama kabati la nguo, na amplifaya nzito ya kubebwa na watu wawili. Ya pili ilikuwa spika mbili nyembamba, ndefu kama mbao za kitanda, na amplifaya ndogo iliyokwaruzwa.

"Hizi mbao za nini?" Joash aliuliza.

"Za sauti ya mtu, ndugu yangu. Kuimba na kusema. Besi yako haitapita hapo, wallahi sikudanganyi. Na mfanye haraka. Kuna watu wa Matungu wanakuja baada ya alasiri, nao hawachagui. Wanabeba."

Joash alikwisha kuyapenda maboksi. Mkono wake ulikuwa ukiyapapasa kama mtu anayenunua ng'ombe wa mahari. Akawageukia wenzake.

"Tutapima hivi. Pascalia ataenda mwisho wa lile shamba lililokatwa miwa. Bramwel, wewe hufuganga mafahali. Pale ni mbali kama ng'ambo ya Malinya?"

"Pale pale," Bramwel, mpiga ngoma wao, akajibu huku akijifunga isukuti begani.

"Basi. Bramwel atapiga ngoma kwa nguvu zote, Shitanda ataimba. Pascalia akisikia kila neno, si kelele, kila neno, anainua leso. Na niwaambie mapema, asije mtu kulia baadaye." Akamtazama Shitanda usoni. "Seti tutakayochukua, ambaye sauti yake haipiti humo hasimami mbele Jumamosi. Kama si Radi, Pascalia ataongoza."

Pascalia, mwitikiaji wao, aliinamisha macho. Alikuwa na sauti safi, iliyonyooka kama uzi, na kwa miaka minne alikuwa ameimba nyuma ya mgongo wa Shitanda bila kulalamika. Akafungua leso yake nyekundu kiunoni, akaondoka akipita kati ya visiki vya miwa. Shitanda alimfuata kwa macho. Yaani huyu huyu ndiye atakayeamua? Hata angekuwa malaika, asingejaribiwa?

Wakawasha jenereta yao ndogo, ile waliyokuwa nayo tangu mwanzo. Joash akachomeka besi kwenye seti kubwa, akaigusa mara moja tu, na kifua cha kila mtu kikatetemeka. Bata wa Mubarak wakakimbilia chini ya gari bovu.

"Mnasikia?" Joash alifumba macho. "Mama yangu! Mnasikia?"

Ngoma ikarindima. Shitanda akaishika maikrofoni kama mtu anayemshika nyoka shingoni, akajaza kifua, akanguruma. Sauti ikatoka kubwa, ikapita juu ya mapaa. Kisha besi ikadunda, jenereta ikakohoa, taa ya amplifaya ikafifia, sauti ikazama kana kwamba imefunikwa na blanketi. Ikarudi. Besi ikadunda tena, ikazama tena. Kule mwisho wa shamba Pascalia alisimama wima, leso ikining'inia.

"Jenereta haiwezi kulisha hiki kitu," Bramwel alisema.

"Tutaazima kubwa."

"Ya nani, Joash? Kila Jumamosi utakuwa unaazima? Na utaibeba kwa kichwa?"

"Nyamaza, upige ngoma!"

Mbingu za upande wa Kakamega zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi. Mubarak akazitazama, akaitazama saa yake, akahamisha waya kwenye seti ndogo bila kuambiwa. Joash akaliegemeza gitaa ukutani kwa hasira; kwenye amplifaya ndogo hapakuwa na tundu la waya wake.

Shitanda alihisi koo limevimba. Akamwomba Mungu ampe mara moja hii tu. Ngoma ikaanza, naye akafanya alilozoea kulifanya maisha yake yote: akapanua miguu, akarudisha kichwa nyuma, akapiga ukelele wa kuvuka mto.

Zile mbao hazikuimba. Zilikwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe. Shitanda akashtuka, akavuta maikrofoni kando, ikaelekea spika yenyewe, na mlio mwembamba ukatoka uliowafanya wote wazibe masikio. Mubarak akaruka akazungusha kitufe.

"Unaiua, kijana! Unaiua!"

"Chombo chako ni kibovu!"

"Kibovu? Mimi nilikisikia kikisema—"

Pascalia alikuwa ameweka viganja mdomoni. Sauti yake ikawafikia nyembamba juu ya visiki: "Kelele tu-u! Hakuna maneno-o!"

"Imekwisha," Joash alisema. "Tunachukua maboksi. Bramwel, mwite Pascalia aje ajaribu yeye."

"Mara moja tena," Shitanda alisema.

"Ya nini? Umeimba, tumesikia."

"Nimesema mara moja tena! Jina la hii bendi lilitoka kwa nani? Kwa mamako?"

Bramwel akaacha ngoma. Joash akasogea mpaka pumzi zao zikakutana. Kwa kitambo kidogo ilionekana kwamba watapigana pale pale kati ya nyaya, na Mubarak akaanza kusogeza vyombo vyake. Kisha Joash akacheka kwa pua.

"Imba, Radi. Imba ushibe. Bramwel, usimwonee huruma. Piga kama Malinya."

Ngoma ikarindima kwa mara ya tatu. Shitanda akajaza kifua, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Pumzi tu, na ladha ya chuma kwenye ulimi. Akajaribu tena. Koo likafunga kama mlango uliopigwa komeo kwa ndani. Aliona macho ya Joash yakibadilika, aliona kule mbali leso nyekundu, na akajua kwamba akirudi nyuma hatua moja hatasimama mbele tena, si Jumamosi, si siku nyingine yoyote.

Basi akasogea. Akainama mpaka midomo yake ikakaribia kugusa maikrofoni, akayasema mashairi yake kwa sauti pekee iliyokuwa imebaki, ile ya gizani, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia isipokuwa mto wake wa kulalia. Tuni ilikuwamo, chini kabisa, kama moto uliofunikwa majivu.

*Fahali akiinama, hasujudu asilani,*
*Ardhi anaipima, apite kwa njia gani;*
*Mkimwona kasimama, msidhani ana soni,*
*Wingu linapoatama, ndipo radi i njiani.*

Zile mbao nyembamba zikafunguka. Sauti ikatoka humo nzima, kavu, kila silabi imekaa mahali pake, ikapita chini ya ngoma na katikati ya ngoma kama maji yapitavyo mawe. Haikugombana na isukuti. Jenereta haikukohoa. Bramwel akapunguza mkono kwa mshangao, na Joash, tumpe haki yake, akamkemea: "Usipunguze! Piga!" Ngoma ikapanda, na maneno yakaendelea kusikika.

Shitanda alirudia ubeti. Macho yake hayakutoka shambani.

Leso haikuinuka.

Akaurudia tena. Pascalia alikuwa amesimama kama kisiki kati ya visiki, mikono chini. Haiwezekani asisikie. Au anasikia? Lile jambo Shitanda aliloliogopa ndilo hili sasa: mtu mmoja, kule mbali, akinyamaza tu, bila hata kusema uongo, anachukua nafasi yake. Na je, yeye angekuwa kule, angeinua? Hakutaka kujijibu.

Ubeti ukaisha. Bramwel akanyamazisha ngoma kwa kiganja. Upepo wa mvua ukapita juu ya miwa ya jirani.

Pascalia akaanza kukimbia kuja. Alikuwa njiani tayari, akiruka visiki, alipokumbuka. Akaivuta leso, akaipandisha juu ya kichwa huku akikimbia, ikapepea kama moto.

Alifika akihema. "Nilisahau," alisema. "Nilikuwa nasikiliza, nikasahau leso." Akakariri ubeti wote mbele yao, mstari kwa mstari, hakukosa neno. Kisha akageuka huku na huku. "Huyo alikuwa nani? Mubarak, ni wewe?"

Mubarak akaelekeza kidevu kwenye maikrofoni. Pascalia akamwona Shitanda bado ameinamia maikrofoni, akajiziba mdomo kwa mkono.

Neno lile lilimwingia Shitanda kuliko matusi yote ya Joash. Miaka minne nyuma ya mgongo wake, na hakumjua!

"Ni nzuri," Joash alisema polepole. "Sikatai. Lakini Malinya wanakuja kusikia Radi, omwana wefwe, mwana wetu. Ukelele. Ukiwanong'oneza watauliza uko wapi. Na mimi besi yangu niiweke wapi? Jumamosi imba unavyoimbanga, tuchukue maboksi, tutafute jenereta. Kwa nini tuchukue mbao hizi?"

Shitanda akasimama wima. Angeweza kumjibu kwa majivuno. Majibu ya namna hiyo alikuwa nayo tele. Badala yake akageuza kichwa, akatema mate pale katikati ya ua, mbele ya wote, karibu na kiatu cha Joash. Hakuyafukia.

Joash alitazama chini, akaona yalivyo mekundu.

"Tangu lini?"

"Malinya."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Tone la kwanza la mvua likaanguka juu ya boksi kubwa, likalia kama kidole kwenye ngozi ya ngoma. Barabarani gari la watu wa Matungu lilikuwa likikata kona. Joash akachukua gitaa lake ukutani, akalifuta vumbi kwa shati.

"Besi itapita kwenye kile kisanduku changu cha zamani cha spika," alisema, bila kumtazama mtu. "Mubarak, tufungie hizo mbao. Haraka, kabla hazijalowa."

Pascalia akajitwika spika moja. Shitanda akachukua ya pili begani, akapita pale alipotema, na mtu yeyote angeweza kuiona damu.