Aliyetumiminia Kahawa

Kundi letu la wachoraji lina kanuni moja tu, na Jumapili ile niliichukia kuliko ninavyoichukia Januari. Ukishaiweka picha yako mbele ya wenzako, unakwenda kukaa kwenye kiti cha pembeni na kufunga mdomo. Husemi umemchora nani, hujitetei, hata kukohoa kwa kudokeza huruhusiwi, mpaka kila mtu amalize. Orrin ndiye aliyeileta kanuni hiyo, kwa sababu sisi watu wa Duluth, huku kaskazini mwa Marekani, tuna adabu iliyopitiliza. Hapa mtu akikuambia picha yako ni "tofauti kidogo", ujue imemkera. Mwenye picha akiruhusiwa kujibu, tunaishia kusifiana na kula keki, na hakuna anayejifunza kitu.

Siku hiyo nilikuja na Mama Lempi, mama mkwe wangu. Tangu ateleze kwenye barafu kabla ya Krismasi anaishi nasi, na mimi na mume wangu Wendell hatumwachi peke yake. Nyumba yake ya kijijini Toivola, alikomzaa Wendell, ilikuwa imepata wanunuzi, na kesho yake asubuhi angeweka sahihi. Nilikuwa nimemuuliza mezani kama atakubali kuiuza akae nasi moja kwa moja. Akasema, "Sawa tu, haina neno." Nikafurahi, nikambusu, nikarudi kwenye rangi zangu za mafuta, maana majira yote yale ya baridi nilikuwa namchora yeye.

Picha hiyo ndiyo niliyoibeba. Niliitaka itundikwe sebuleni kwetu ili ajue kwamba hapa ni kwake. Kwa wenzangu nilitaka waniambie tu kwamba imekwisha, nisiiguse tena.

Tunakutana kwenye chumba cha chini cha kanisa. Theluji ilituchelewesha, tukakuta watu wameshakaa, kwa hiyo niliiweka picha kwenye kisimamio nikaenda kwenye kiti changu. Nilipogeuka kumtafutia Mama mahali, sikumwona. Alikuwa ameshaingia jikoni. Mwanamke wa umri wake haingii chini ya kanisa akakaa bure. Akatokea amevaa aproni ya watu, kofia ya sufu bado kichwani na miwani yake minene usoni, ameshika birika la kahawa. Wenzangu hawakuwahi kumwona. Wakamnyooshea vikombe na kumshukuru, wakidhani ni mmoja wa akina mama wa kanisa.

Nikafungua mdomo. Orrin akainua kidole. "Marlys, umeshakaa kwenye kiti."

Nikaufunga.

Lazima niseme kwamba kwenye picha hana miwani, nywele zimeachiwa, na amevaa gauni la buluu nililomchagulia mimi.

Delphine, ambaye huchora mbwa wa watu na kuwachora vizuri kuliko wenye mbwa wanavyostahili, akaanza. "Hilo gauni, we acha tu. Ila bibi mwenyewe kanuna. Mbwa akinitazama hivyo, mimi naenda kumfungulia mlango."

"Maziwa?" Mama akamuuliza.

"Kidogo tu mama, asante."

Masikio yalinichoma. Nilijaribu kumpa Mama ishara ya macho arudi jikoni, lakini alikuwa anamimina kwa uangalifu, hakunitazama.

Pa Houa ni muuguzi, huja na sare za kazi. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. "Mikono hii, Marlys, nakuonea wivu. Lakini ona anavyong'ang'ania kiti. Wagonjwa wangu hukaa hivi wakingoja daktari awaruhusu kwenda nyumbani."

"Kafungwa huyu," Delphine akadakia. "Kavikwa gauni zuri, kisha kafungwa."

Ningekuwa na brashi mkononi ningemchapa nayo. Orrin akainuka, akaipindua picha kichwa chini, kama afanyavyo siku zote, eti jicho liache kuona sura lione maumbo. Akafinya macho.

"Mwili mzima unaegemea kushoto," akasema. "Huko kushoto kuna nini?"

Hakuna aliyejua ila mimi na mwenye birika. Kushoto kwa kile kiti kuna mlango wetu wa nyuma, na kando yake buti za Mama za theluji. Kila siku nilimwambia, "Mama, kaa wima kidogo," naye alikaa wima, kisha polepole akaegemea tena. Nilidhani ni mgongo.

Orrin akairudisha picha sawa, ndipo akamwona Mama amesimama nyuma yake anaiangalia. Kwa adabu tu akamuuliza, "Na wewe mama, unaonaje?"

"Mie? Mie mambo ya picha siyajui."

"Tuambie tu, usituogope."

"Ah, msijisumbue na mimi. Kahawa yenu itapoa."

Orrin akaitikia kwa kichwa akamwachia hapo. Na mimi pale kitini nikakumbuka desturi yetu. Kwetu ukipewa keki unakataa, ukipewa tena unakataa, ya tatu ndiyo unapokea. Jibu la kwanza ni adabu, si jibu. Nimelelewa hivyo, nimelea wanangu hivyo, na bado kuhusu nyumba ya mtu niliuliza mara moja tu, nikashika jibu nililolipenda.

Ningeweza kunyamaza. Kanuni ilikuwa upande wangu, na nilitaka sana abaki.

"Mama," nikasema. "Unaonaje?"

"Marlys, bado hatuja—" Orrin akaanza, asimalize. Pa Houa aliitazama picha, akamtazama mwenye birika, akaweka kikombe chini. Delphine alikuwa mwekundu mpaka shingoni.

Mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya aproni. Bila miwani, sura ilikuwa ile ile ya kwenye picha.

"Huyo anataka kwenda kwake," akasema. "Amekaa hapo kwa sababu aliombwa vizuri."

Kisha akanijazia kikombe changu. "Lakini mikono umeipatia kweli, mwanangu."

Niliumia, sitaficha. Nilikwenda kwenye kona ya makoti, nikalia kidogo, nikampigia Wendell.

"Kasema mwenyewe?" akauliza.

"Mwenyewe, mbele ya watu."

"Mbona mimi aliniambia sawa tu?"

"Ulimuuliza mara ngapi?"

 Nilisikia televisheni yake, mechi ya hoki, kisha akaizima.

"Akianguka tena je, Marlys?"

"Tutamwaga mchanga njia nzima asiteleze. Tutakuwa tunakwenda kumtazama. Nami naogopa kama wewe."

Akashusha pumzi. "Haya. Nitawapigia wanunuzi, niwaambie haiuzwi."

Nikajifuta uso nikarudi kumwambia. Mama alikuwa ameshavua aproni, amevaa koti na buti, mkoba begani. Alisimama karibu na mlango, wima kabisa.